Nyonga Dirishani

Nyumba ile siku hizi ina mapazia. Nayaona kila nikipita kwenda dukani, mapazia ya maua mekundu, mazuri tu, lakini siyapendi. Enzi za mzee aliyekaa humo hapakuwa na pazia. Dirisha la sebuleni, linalotazama mawio, lilifunikwa na picha za eksirei kutoka juu hadi chini, zimening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na zote zilikuwa picha za nyonga za mbwa. Jua la kipupwe lilipochomoza, lile linalokuja polepole kupitia vumbi na moshi wa kuni, lilipenya kwenye mifupa na kuacha weusi pembeni, na sebule nzima ikajaa nyonga za mwanga. Zilitambaa sakafuni, zikapanda kochi, zikafika kwenye birika la chai. Mgeni wa mara ya kwanza aliinua miguu asije akazikanyaga.

Mtaani tulimwita Gadi, kwa kuwa alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake mbili, nyekundu na ya kijani. Kazi ilistaafu, jina likabaki. Alizaliwa wapi na nani, sijui, na sikumbuki aliyejua. Kwa mtu aliyeweza kukutajia babu wa babu wa kila mbwa wake, jambo hilo lilituchekesha. Nilipomwuliza kabila lake alinijibu, "Mimi ni mtani wako, inatosha." Muha wa jirani alimwuliza, akapata jibu hilohilo. Mzaramo aliyehamishiwa benki naye akapewa hilohilo, akafurahi sana.

Mimi nina duka la dawa za mifugo karibu na soko, na yeye alikuwa mteja wangu kwa miaka zaidi ya kumi. Alikuwa mteja wa kuchosha. Hakununua chanjo ya kichaa cha mbwa mpaka ameingiza mkono kwenye friji yangu na kuhesabu kimoyomoyo, macho ameyafumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Dawa. Jana umeme ulikatika mtaa huu. Chanjo yako ililala kwenye barafu, au ililala kwenye maneno?"

Nikimwambia ililala kwenye barafu, aliuliza barafu ilitoka kwa nani. Nikishamtajia jina la mwuza samaki, aliondoka kwenda kumwuliza mwuza samaki. Nilikasirika mara nyingi. Baadaye nikajikuta nami nahesabu kimoyomoyo, mkono ndani ya friji, hata siku asizokuja.

Mbwa wake walikuwa wale tunaowaita jemani, wenye masikio ya kusimama na rangi ya kahawia na nyeusi. Hakuwahi kufuga zaidi ya wanne. Watoto wao aliwapa majina ya stesheni za reli ya kati, kwa mpangilio treni inavyozifikia, kwa hiyo ukisikia jina ulijua uzao. Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe. Mchana, akiwaita wote wale chakula, ilikuwa kama treni inaondoka uani kwake bila abiria. Mimi nikiwa nasinzia dukani jirani na redio, nikisikia sauti ile kwa mbali, niliota safari.

Alfajiri aliwatembeza kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara, kwenye mchanga laini. Nilifuatana naye mara kadhaa. Miti ya miombo ilisimama kwenye ukungu, mizinga ya nyuki ikining'inia matawini, na sisi tulikwenda kimya, kwa kuwa alikataza mazungumzo mpaka jua litoke. Alikuwa akisoma nyayo. Mbwa mzima, alinifundisha, mguu wa nyuma huingia palepale ulipotoka mguu wa mbele, na mchangani unaona mstari mmoja mwembamba. Ukiona mistari miwili, nyonga imeanza kusema. Macho yalipoanza kuingia ukungu kwa mtoto wa jicho, aliacha kusoma nyayo, akaanza kuzisikiliza. Alisema gurudumu bovu hulia kabla halijapasuka, na kazi ya gadi ni kuwa na masikio. Wapagazi waliopita njia ile na mizigo kichwani, alisema pia, hakuna aliyeuliza nyonga zao.

Aliwadharau watu wa maonyesho, lakini siku ya mashindano ya mbwa alipiga pasi koti lake la reli tangu jana yake. Mashindano yenyewe yalikuwa kitu kidogo tu kwenye uwanja wa Nanenane, kwenye kona kati ya banda la sungura na banda la asali. Waamuzi walipenda jemani wa siku hizi, wale ambao mgongo wao unashuka kuelekea mkiani hadi miguu ya nyuma inakuwa kama imepiga magoti. Watu waliwapigia makofi. Gadi alisimama kwenye kamba akisema kwa sauti, "Huo ni mgongo wa mbwa au mteremko wa Saranda? Breki zake ziko wapi?" Mwaka mmoja bwana mmoja kutoka Igunga alileta mbwa mdogo mwenye uso bapa, aliyekoroma akiwa amesimama wima. Uwanja mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Alimwendea, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya pua ile, akakaa hivyo muda mrefu.

"Huyu hakoromi, mwanangu," alimwambia yule bwana. "Anaomba hewa. Mpeleke kivulini, na usimzalishe."

Yule bwana alinuna. Lakini niliona amembeba mbwa wake kumpeleka kivulini.

Mwaka ambao Nyahua wake alishinda, alipokea utepe wa bluu kwa heshima zote, akatoka nao hadi getini. Pale getini alilala mbwa koko mmoja mzee wa rangi ya vumbi, aliyekula mabaki ya mama lishe miaka yote. Akamfunga utepe shingoni. "Huyu hajaugua hata siku moja," alisema, "na mnamnyima kwa sababu baba yake hajulikani." Nilimtazama kwa upande. Hakuonyesha kuwa amesema lolote juu yake mwenyewe.

Ajabu yake ni kwamba baba wa mbwa wake mwenyewe lazima ajulikane, na mama wa baba. Ukitaka dume lako limpande jike lake, ulikuja kuposa. Ulikaa sebuleni katikati ya zile nyonga za mwanga, ukapewa chai ya tangawizi na mkate uliopakwa asali, na yeye akafungua daftari lenye jalada gumu, kubwa kama la mizigo ya stesheni. Ulimtaja mbwa wako, wazazi wake, na waliowazaa. Picha ya eksirei ilikuwa lazima. Yeye mwenyewe alisafiri na mbwa kwa treni hadi Morogoro, kwa madaktari wa mifugo, akarudi na bahasha kubwa kifuani kama aliyebeba mtoto. Safu ya mwisho ya daftari iliandikwa "Shahidi". Hapo liliingia jina la mtu aliyethibitisha kwa mdomo wake kwamba yote yaliyosemwa ni kweli. Na kwenye kona nyeusi ya picha alikwaruza kwa msumari jina la mbwa na la shahidi, ili jua likipita, majina nayo yapite.

Sasa niseme yangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Mjomba wangu anakaa Puge. Alikuwa na dume zuri, jemani, alilopewa na rafiki yake wa Nzega aliyehama. Wakati huo mjomba alikuwa na ugomvi na jirani yake juu ya mpaka wa shamba la mpunga, na kwetu mtu mwenye neno la kumwambia jirani asilothubutu kulisema, humpa mbwa wake. Mbwa akaitwa Mtanikoma. Kila jioni mjomba alisimama kwenye ua wa minyaa na kumwita kwa sauti ya kanisani, na jirani yake akasikia. Miaka miwili. Mwishowe wazee wa kanisa la Moraviani wakawaketisha, mpaka ukapimwa upya, kondoo akachinjwa, wakala sahani moja. Sharti moja lilikuwa kwamba jina lile lisitamkwe tena na mtu yeyote wa kijiji wala wa ukoo. Nami nilikuwepo, nikala nyama ile. Mbwa akaitwa Jirani.

Miaka miwili baadaye nilimpeleka Jirani kwa Gadi. Nilitaka mtoto mmoja wa uzao ule, na kusema kweli nilitaka pia kuketi kwenye kile kiti cha posa, mimi niliyechunguzwa friji miaka yote. Picha ya Morogoro ilirudi safi, na wazazi wake niliwataja kama mjomba alivyowasikia kwa rafiki yake, vibaya, kama ilivyojulikana baadaye. Gadi alimtembeza Jirani uani, akasikiliza.

"Anatembea kama mtu ninayemjua," alisema.

"Jemani wote si wanafanana, mzee."

"Jina lake Jirani. Lingine hana?"

"Hana."

Alirudi kwenye kiti, akakoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Mama Dawa, jina lingine hana?"

Nilikumbuka ile sahani. Nilijiambia jina la ugomvi si ukoo, halina kazi kwenye daftari. "Hana, mzee."

Akaandika jina langu.

Nyahua alizaa watoto sita. Mimi nilichukua mmoja. Malongwe, mkubwa wao, alikwenda Ulyankulu kwa katekista mmoja aliyetaka mbwa wa kulinda nyuki. Walikuwa wazuri mno. Kabla hawajafikisha mwaka, katekista alikuja na Malongwe juu ya baiskeli, kwenye tenga. Mbwa hakuweza kumaliza uwanja. Alikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, kisha akaketi, akatutazama kana kwamba sisi ndio tuliochoka. Wangu naye nilikuwa nimeanza kumwona anaketi-keti, nikanyamaza.

Picha ya Malongwe iliporudi kutoka Morogoro, hata mimi niliielewa. Kikombe cha nyonga kilikuwa kimekuwa bapa, na kichwa cha fupa la paja kimekaa pembeni yake kama kitu kilichosahauliwa mlangoni. Gadi aliishika dhidi ya dirisha muda mrefu. Kisha akaanza kuzitoa picha nyingine, moja moja, akazipanga mezani. Sebule ikapata mwanga wa kawaida, mwanga mweupe wa nyumba yoyote, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba sakafu yake ilikuwa na nyufa.

"Baba ni safi, mama ni safi, undugu hawana," alisema. "Basi ubovu unatoka kwa Nyahua, umejificha, nami nimeusambaza miaka yote nikiwafokea wenzangu uwanjani."

Aliwaandikia wote waliowahi kuchukua mbwa kwake wasizalishe tena. Hakujitetea. Nanenane ile hakupiga pasi koti. Akasema Igalula, binti wa Nyahua wa uzao wa kabla ya huu, kwa dume mwingine, aliyerithi jina la bibi yake, wa mwisho katika mstari ule mwenye umri wa kuzaa, atafungwa kizazi Jumamosi. Mstari utaishia hapo. Alilisema taratibu, kwa sauti ya kutangaza treni iliyofutwa.

Nilikwenda kumpa pole siku ya Jumanne. Macho yalikuwa yameshamshinda, akaniomba nimsomee daftari, uzao wa Nyahua, huenda kuna alipokosea kuhesabu. Nilisoma mstari kwa mstari. Nikafika kwa kaka yake Nyahua, wa tumbo moja. "Goweko. Alikwenda Nzega. Kisha Puge. Huko anaitwa..."

Sikumalizia.

"Mtanikoma," alimalizia yeye. "Jina la ajabu. Nilituma watu Puge mara mbili wamwulizie. Waliambiwa hakuna mbwa wa jina hilo, na hakujawahi kuwapo. Nikajua amekufa. Nenda mbele."

Niliendelea kusoma, na sijui nilisoma nini. Kaka na dada. Nilikuwa nimewaozesha kaka na dada, kwa mdomo wangu, mbele ya chai na asali, na kasoro ndogo iliyolala kwa huyu ikakutana na ndogo iliyolala kwa yule. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na bado sikusema. Nilijiambia nimekula kiapo. Nilikuwa naogopa pia. Hilo nalijua leo vizuri kuliko nilivyolijua siku ile.

Jumatano nilipanda basi kwenda Puge. Mjomba alinisikiliza akiwa anachonga mpini.

"Salamu yako ya mwangaluka nimeipokea," alisema, "lakini jina lile silitamki, wala wewe. Nililila pamoja na kondoo."

"Mjomba, kuna mzee anataka kuzima ukoo mzima kwa kosa langu."

"Basi kamwombe aliyetukanwa. Jina ni lake, si langu."

Nikauzunguka ule ua wa minyaa. Jirani yake alikuwa anaanika mpunga, mzee mfupi mwenye kofia ya sufi juani. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamweleza kila kitu, nyonga, daftari, Jumamosi. Aligeuza mpunga kwa mguu, akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nisipoliachia hilo jina, kuna mbwa hatazaa Tabora?"

"Ndiyo, baba."

Akasimama, akatazama ng'ambo ya ua ambako mjomba aliacha kuchonga, akavuta pumzi na kuita kwa nguvu zake zote, "Mtanikoma!"

Mbwa alikuja mbio. Alipita pengo la minyaa, mzee sasa, mdomo umeota mvi, akamtikisia mkia yule mzee kama aliyekuwa akiingoja sauti hiyo. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Ng'ambo ya pili nilimsikia mjomba naye anacheka, kisha nikasikia anapenga kamasi.

"Mchukue," jirani alisema. "Na jina lake."

Ijumaa alfajiri niliingia kwa Gadi nikiwa nimemshika mbwa kwa kamba. Sikusalimia vizuri, niliogopa ningesalimia nikaishia hapo.

"Mzee, huyu ni Jirani. Kabla ya hapo aliitwa Mtanikoma, jina la ugomvi wa mjomba wangu na jirani yake. Uliponiuliza mara mbili nilikudanganya mara mbili."

Alikuwa ameketi kwenye kochi, Igalula miguuni. Nje kwaya ya majogoo ilikuwa imeanza na mama mmoja alikuwa anafagia. Kisha akasema, "Mtembeze."

Nilimtembeza sebuleni, kwenda na kurudi, kucha zikigonga sakafu. Gadi aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Goweko," alisema. Mbwa hakugeuka, alitoka pale akiwa wa miezi miwili, angelijuaje. Gadi alinyoosha mkono, akapapasa nyonga zake, moja kisha nyingine. "Alikuwa na jina kabla ya ugomvi wenu. Masikio yangu yaliniambia siku ile. Nikaamini mdomo wako."

"Nisamehe, mzee."

Aliniuliza kama nina kalamu. Aliniambia nifungue daftari kwenye mstari wa ile posa. Nikauliza kama nifute jina langu kwenye safu ya shahidi.

"Usifute. Treni ikishapita haifutwi. Andika chini yake yale majina matatu, kwamba ni mbwa mmoja."

Nikaandika. Akasema Igalula hatafungwa, ila dume lake litatafutwa mbali, na litaulizwa majina yote. Akasema barua zile alizoandika zinahitaji kusahihishwa, na sitatuma nyingine. Nitakwenda kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, hadi Ulyankulu, nikawaambie nilichomwambia yeye. Nilikubali. Nilikwenda, na katekista hakunikaripia, jambo lililoniuma kuliko kukaripiwa. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Asubuhi ile bado tulikuwa na kazi. Aliniomba nizirudishe picha dirishani. Nilizibana moja moja kwenye kamba, Nyahua, Igalula, wale wa zamani, na mwisho nikabaki na ile ya Malongwe mkononi.

"Hiyo katikati," alisema. "Anayetaka mbwa kwangu aione hiyo kwanza."

"Haina majina bado."

Alitafuta mfukoni, akanipa msumari. Nilikwaruza jina la Malongwe kwenye ile kona nyeusi, kisha jina langu, herufi kubwa, zinazosomeka. Herufi moja ilipinda. Jua lilikuwa linapanda juu ya mabati ya jirani. Likaingia. Nyonga zote zikarudi sebuleni, nzima zile, na katikati ile mbaya, na pembeni yake jina langu, herufi za mwanga, linatambaa polepole juu ya nyufa.

Gadi aliketi akitazama asichokiona.

"Limefika wapi?" aliuliza.

"Limefika miguuni kwako, mzee."

Alisogeza kandambili zake pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

"Liache hapo," alisema.